Nukta Nyekundu Arobaini na Saba za Mzee Ndung'u

Tarehe 31 Desemba 2008, Bwana Erastus Ndung'u, mkufunzi wa wateja katika yadi yetu ya magari ya Ravi na Binti, Nakuru, atastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na mitano na miezi tisa kasoro siku moja. Hiyo siku moja ameihesabu yeye mwenyewe. Nilipomshauri tuandike miezi tisa kamili, alikataa kabisa. Alisema tarehe mosi Januari ni sikukuu, na hawezi kudai siku ambayo hakushika kazi. Wanaomjua hawatashangaa.

Mimi ni Cheptanui, karani wa mapokezi na mtunza mafaili. Nimekaa meza mbili kutoka kwake tangu mwaka 1994. Kamati ya sherehe iliniomba wasifu wa kuchangamsha watu kabla ya pilau kupakuliwa, na nitajitahidi, maana Mzee ana vituko vya kutosha. Lakini mwaka huu haukuwa wa kuchangamka. Tangu Februari amekuwa na deni moja la moyo: kufuta nukta nyekundu alizoweka kwa mkono wake katika magari arobaini na saba, na kuzifuta kabla hajastaafu. Wiki mbili zilizopita ilibaki moja. Amenipa ruhusa niieleze habari hiyo mbele yenu, kwa sharti kwamba nisiipake sukari.

Aliajiriwa Jumatatu, tarehe 2 Aprili 1973, kuosha magari. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, akija kwa miguu kutoka Kaptembwo na kufika kabla ya mlinzi hajafungua geti. Baada ya miaka sita alipewa kazi ya kuleta magari kutoka Mombasa, na inasemekana hakuwahi kulikwaruza hata moja, isipokuwa lile lililogongwa na punda pale Gilgil likiwa limesimama. Mwaka 1989 Mzee Ravi, mwenye yadi, alimfanya mkufunzi wa wateja. Cheo hicho hakikuwapo kabla yake, na mpaka leo sijasikia yadi nyingine yenye mtu wa namna hiyo.

Kazi yake ilikuwa kumfundisha mnunuzi gari lake. Magari mengi ya familia tunayouza, yale marefu yenye magurudumu manne ya kusukuma, yana swichi ya duara karibu na redio. Swichi hiyo ina hali tatu. 2H ni ya lami, na magurudumu ya nyuma pekee ndiyo yanayosukuma. 4H ni ya murram, barabara ya changarawe, iliyolowa na tope jepesi. Yote manne yanasukuma, na unaweza kuizungusha gari likiwa bado linatembea. 4L ni ya kujinasua, na ya kupanda mahali ambapo gari lingine lingegeuza lirudi nyumbani. Hiyo haitaki papara. Unasimama, unaweka gea kwenye N, unabonyeza swichi ndani, unazungusha, kisha unangoja taa iache kupepesa. Pembeni kuna kitufe kingine cha theluji. Wateja walizoea kumcheka wakimuuliza theluji ya wapi Nakuru, naye aliwajibu, "Ngoja mvua ya April ikupate Olenguruone, utaiona snow nyeusi."

Vituko vya darasa lake vingejaza kijitabu hiki. Kuna mwalimu mkuu mmoja aliyetoka hapa hadi Naivasha katika 4L, injini ikilia njia nzima, kisha akapiga simu kulalamika kwamba tumemuuzia gari chovu. Ndung'u alipanda basi, akaizungusha swichi kwa vidole viwili, akanywa chai aliyokaribishwa, akarudi. Kuna Bwana Rajinder, mkandarasi wetu wa siku nyingi, aliyezunguka mzunguko wa barabara katika 4H juu ya lami kavu, gari likirukaruka, akaapa kwamba lina pepo. Alitaka turudishiwe gari pamoja na pepo wake. Mzee alimweleza kwamba lami kavu haiachi magurudumu kuteleza kidogo, ndiyo maana gari linapigana lenyewe kwa lenyewe. Bwana Rajinder ameketi leo meza ya mbele na ninaona anacheka.

Mzee Ravi hakuwa akicheka. Mwaka 2001 giaboksi ya tatu ilipoletwa imesagika kwa sababu mtu alikuwa ametumia 4L kwenye barabara kuu, alitoka ofisini amefura. "Ndung'u, fanya kitu," alisema. "Hawa watu wataua hii magari yote." Ndung'u akafikiria mchana kutwa. Jioni akaja mezani kwangu akaniomba chupa ya rangi ya kucha. Ilikuwa nyekundu. Akaweka tone moja dogo kando ya maandishi ya 4L katika kila gari lililokuwa yadini, na tangu siku hiyo hakuna gari la namna hiyo lililotoka hapa bila nukta. Chupa zote zilikuwa zangu. Nilimtania kwamba magari yetu yanapendeza kuliko mimi.

Nukta ile ilikuwa na maelezo yake, naye aliyarudia darasani mpaka mteja ayaseme mwenyewe: nyekundu maana yake usiiguse kwenye lami, ila siku ukinasa, hiyo ndiyo itakayokutoa. Maneno hayo yana pande mbili, na rangi huonyesha upande mmoja tu. Hatukuliona hilo, si yeye wala mimi.

Ndiyo maana pia alikuwa na sheria. Kila atakayeliendesha gari lazima apite darasani. Fomu ya makabidhiano ina mistari miwili, wa kwanza wa mwenye gari, wa pili wa dereva mwingine wa nyumbani, na ufunguo hautoki dirishani kwangu kabla mistari yote miwili haijawekwa sahihi. Aliwahi kumrudisha wakili mzima hadi Lanet akamlete mkewe. Wakili alinuna, mkewe akafaulu darasa kumshinda. Baada ya hapo hufuata desturi ya Mama Indu, mke wa Mzee Ravi: anachora alama kwenye boneti, anaweka ndimu nne, moja chini ya kila gurudumu, na gari linaondoka likizikanyaga huku sisi tukipiga makofi. Mzee alikuwa akisema ndimu ni za Mungu, darasa ni la dereva, na moja haifanyi kazi ya mwenzake.

Sasa nifike nilipotumwa nisipake sukari.

Jumamosi ya tarehe 27 Oktoba 2007, mkulima wa Rongai aitwaye Muturi alinunua gari. Ndung'u alimpitisha darasani, akamwambia amlete mkewe, Wangeci, kabla ya kuchukua ufunguo, kisha akaondoka na mteja mwingine kwenda kujaribu gari. Wangeci alikuwa shambani akivuna. Saa saba ilikuwa inakaribia, saa yetu ya kufunga, na mji ulikuwa umejaa vipaza sauti vya kampeni. Muturi akasimama dirishani kwangu na tabasamu lake. "Madam, si mimi nitamshow tu? Ni kitu ya dakika mbili." Nikachukua kalamu. Katika mstari wa pili nikaandika: Atafundishwa na mume. Nikampa ufunguo. Mama Indu akaweka ndimu zake, tukapiga makofi. Jumatatu Mzee aliponiuliza kama mke alikuja, nilimjibu kwamba karatasi ziko sawa.

Muturi hakumfundisha. Kulikuwa na mavuno, kisha kampeni, kisha Krismasi, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiendesha.

Mnajua jinsi mwaka ulivyoanza, na ghasia zilizofuata uchaguzi. Tarehe 2 Januari barabara ya lami kutoka Rongai ilikuwa imezibwa kwa mawe na matairi yanayowaka. Muturi alikuwa ameumwa na tumbo siku mbili, na asubuhi hiyo hakuweza tena kusimama. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba ni kidole tumbo kilichopasuka, ugonjwa ambao hospitali huutibu kila siku. Wangeci alimlaza kiti cha nyuma, akashika njia ya mashamba inayozunguka nyuma ya Menengai. Mnaijua njia hiyo wakati wa kiangazi. Vumbi lake ni laini kama unga, na kwenye miinuko linafika kwenye goti. Katika mwinuko wa pili gari likakaa.

Alikuwa katika 2H. Alikumbuka mumewe akitaja 4H, akazungusha, gari likasogea hatua moja likachimba tena. Swichi ilikuwa na hali moja iliyobaki. Nayaandika maneno yake kama alivyotuambia: "Nikaona ni red. Nikasema hii nikiigusa nitaharibu gari, na tutakwama hapa kabisa." Kwa hiyo hakuigusa. Alichimba vumbi kwa kifuniko cha sufuria. Alikata matawi akayaweka chini ya magurudumu. Muturi, mtu pekee pale aliyejua maana ya nukta ile, alikuwa nyuma yake akiungua kwa homa na maneno yake hayaeleweki. Alifariki mwendo wa saa tisa alasiri, baada ya saa tatu za kukwama mahali pale pale.

Baadaye kidogo lori la jeshi lililokuwa likifungua njia liliwakuta. Askari mmoja aliingia garini, akaweka gea kwenye N, akabonyeza swichi, akaizungusha mpaka kwenye nukta. Gari likapanda lenyewe hadi juu bila kamba. Wangeci alikuwa amesimama kando ya njia akitazama.

Katikati ya Februari alikuja yadini na gari hilo. Hakuja kupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimkuta Ndung'u akinawa mikono bombani, akamuuliza swali moja tu: "Mzee, hiyo red mliweka ya nini?" Ndung'u akamweleza, pande zote mbili. Wangeci akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia na mpita njia, akaingia garini, akaondoka. Mzee alibaki pale maji yakimwagika mpaka nilipokwenda kufunga bomba.

Siku hiyo hiyo aliomba faili, na nikalileta. Mstari wa pili uliandikwa kwa mwandiko wangu. Aliusoma. Nilingoja. Alifunga faili akaniambia nimtafutie mengine yote, tangu 2001. Mpaka leo hajanitajia mstari ule hata kwa utani, na yeye ni mtu wa utani. Nimesema nitaandika ukweli, basi huu hapa: nukta ilikuwa yake, lakini ufunguo niliutoa mimi. Aliyaacha mabega yake yabebe vyote viwili, nami nikamwachia kwa miezi kumi.

Kesho yake alimpelekea Mzee Ravi barua ya kuacha kazi. Mzee Ravi aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. "Wewe ukienda," alisema, "nani atajua hiyo magari iko wapi?" Akampa pikapu ya yadi kila Jumatano. Avni, ambaye ndiye Binti katika jina la yadi hii, akatangaza kwamba nami nitakuwa nikienda na mafaili. Orodha ilikuwa ya magari arobaini na saba.

Wakati huo mtu hakwenda mahali popote bila kwanza kujiuliza jina lake litasikikaje huko. Hatukuzungumzia jambo hilo, tulipanga tu. Mahali ambapo lugha yangu ilifungua geti, nilitangulia mimi naye akabaki ndani ya pikapu. Mahali ambapo lugha yake ilifungua, alitangulia yeye nikabaki mimi. Kule juu ya Molo, mteja wetu Chepkemei alisimama getini na panga mkononi, hakuliweka chini mpaka nilipomweleza mara tatu kwamba mzee huyu amekuja kukwangua rangi ya kucha. Alidhani tumerukwa na akili. Mwishowe alicheka mpaka akakaa chini, akatupatia mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni. Huko Kamere nilikaa ndani ya pikapu saa nzima vioo vimefungwa, na Mzee aliporudi alikuwa na samaki wawili na alama ya vema kwenye orodha.

Kila gari lilikuwa na utaratibu ule ule. Anakwangua nukta kwa kisu kidogo. Anawaita wote wa nyumba hiyo wenye kuweza kufikia pedali, hata nyanya aliyeapa hataendesha maishani. Anawafundisha hali zote tatu, kisha kila mmoja anazifanya kwa mkono wake mwenyewe, na anaweka sahihi. Gari la ishirini na tisa tulilikuta Elburgon limeteketea, limebaki bodi. Nilitaka kuliwekea alama tuondoke. Mzee alimkalisha mwenye gari, Bi Awuor, juu ya jiwe, akamchorea swichi mchangani akamfundisha, kwa sababu, alisema, iko siku atanunua lingine. Bi Awuor alilia wakati wote wa somo, na mwisho akayasema yote bila kukosea. Jingine tulilipata katika uwanja wa wakimbizi wa ndani, familia ya watu saba wakilala humo. Hakuwafundisha siku hiyo. Aliwapa blanketi ya pikapu, akarudi Jumatano iliyofuata.

Kufikia Novemba yalikuwa arobaini na sita. La arobaini na saba lilikuwa la Wangeci. Alikuwa amehamia Lanet, katika nyumba mpya zile za kupanga, dakika ishirini kutoka hapa, na Mzee Ndung'u aliyefika Kericho na Subukia kwa ajili ya nukta alipita mbele ya mtaa huo mara tatu bila kukata kona. Simlaumu. Nami nilikuwa nimekaa kando yake, na sikumwambia akate.

Jumatano ya tarehe 10 mwezi huu alikata. Gari lilikuwa nje ya nyumba chini ya turubai, betri imekufa. Wangeci alitutazama mlangoni, akatukaribisha ndani, akatupa chai. Ndung'u hakunywa. Alisimama, akavua kofia, akamwambia kwamba amekuja kuondoa ile rangi, na kwamba anajua imechelewa. Alisema kwa Kiswahili, si kwa Kikuyu chao, nadhani ili nami nisikie. Nami nikamwambia Wangeci nani aliandika mstari wa pili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka jambo hilo. Alinitazama mpaka nikainamisha macho.

"Usiifute bado," alimwambia Mzee. "Nifundishe kwanza. Lakini si hapa. Twende kule."

Tuliamsha betri kwa nyaya za pikapu, tukamfuata hadi nyuma ya Menengai, mpaka mwinuko ule. Vumbi lilikuwa limeanza tena. Ndung'u aliketi kiti cha mbele cha abiria, mimi nyuma, mahali pale alipolala Muturi, kwa sababu hapakuwa na kiti kingine na hakuna aliyesema nisikae. Wangeci aliliingiza gari vumbini kwa makusudi mpaka likakaa. Kisha akaondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani. Mzee hakumgusa wala kumharakisha. Alisema tu, kwa sauti ile ile anayowaambia wote, "Simama. Weka N. Bonyeza. Zungusha." Taa ikapepesa, ikatulia. Gari likapanda polepole, bila kuteleza hata mara moja, kama lilivyompandia yule askari.

Huko juu alizima injini akalia, naye Mzee akalia, na mimi siwezi kudai kwamba nilibaki mkavu. Hakusema ametusamehe. Hatukumuuliza. Alipomaliza alijifuta uso kwa leso, akasema, "Sasa futa." Ndung'u akakwangua. Ilimchukua dakika nyingi kuliko zote. Kisha Wangeci akaomba faili. Akachukua kalamu yangu, akapiga mstari mmoja juu ya maneno yangu, na juu yake akaandika jina lake kamili na tarehe.

Hayo ndiyo mafanikio ya Bwana Ndung'u katika mwaka wake wa mwisho. Yale ya miaka thelathini na minne iliyotangulia yako ukutani, na vyeti vyake Avni amevifutia vumbi kwa ajili ya leo.

Tunamshukuru mkewe kwa kutukopesha mume huyu kwa Jumatano zote hizo bila kujua kama angerudi. Tunamshukuru Mzee Ravi kwa barua ambayo bado iko mfukoni mwake. Mzee Ndung'u hajawahi kumiliki gari. Anarudi Kaptembwo kwa baiskeli yake nyeusi, ambayo ina mwendo mmoja tu na haihitaji darasa. Mama Indu ameahidi kuiwekea ndimu mbili getini siku ya tarehe 31, na sote tutapiga makofi.

Mzee wetu, nenda ukapumzike. Tunakuombea afya, usingizi usiokatika, na Jumatano zisizo na safari. Kuanzia Januari darasa nitalifundisha mimi, na hakuna ufunguo utakaotoka dirishani kwangu na mstari wa pili ukiwa mtupu.